Ushauri: binti yangu anatumia mkono mmoja, anaenda chuo. Nimchukulie laptop gani hapa Mbeya?

Mama_wa_Isyesye (mleta uzi), Jumanne, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakuu. Msinicheke, mimi ni mtu wa viazi, mambo ya kompyuta nayasikia kwenu.

Binti yangu wa pili kamaliza kidato cha sita mwaka huu, kafaulu vizuri, na kwa machaguo yake huenda akaangukia Iringa. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Kichwa chake kinafanya kazi kuliko changu. Shida ni mwili upande wa kulia. Mkono umejikunja na kiganja kimefumba muda mwingi, mguu anauburuta. Anatembea na gongo moja, analishika kushoto. Kwa hiyo akiwa anatembea hana mkono wa kubebea kitu. Akishakaa, huo mmoja unamtosha kwa mengi: ndizi anamenya, kilemba anafunga, hata viazi nikimwachia beseni anamaliza. Ila kalamu inamchosha. Shuleni alikuwa anamaliza kunakili ubaoni wenzake wameshakula.

Nina laki saba. Ni za mchezo wa akina mama pamoja na magunia ya mwezi uliopita, sina nyingine nyuma yake. Nimepita maduka mawili Mwanjelwa. La kwanza nikaonyeshwa jembamba la rangi ya fedha, "mama hii Core i7, inakimbia balaa". La pili wakanitolea kubwa la inchi 15, "ataona vizuri". Binti yangu macho hayana tatizo! Nikarudi nyumbani na hela yangu.

Mwenye uzoefu aniambie nitazame nini. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_kijiwe, saa 2:51 usiku

Ngoja waje wenyewe. Mimi nimekaa paleee nasoma.

Fundi_Kabwe, saa 3:15 usiku

Shikamoo mama, na hongera kwa binti.

Hiyo i7 (jina la prosesa, yaani injini ya kompyuta) usiiguse kabla hujajua ni ya kizazi gani. Kuambiwa "Core i7" bila namba ni sawa na kuambiwa "gari ni Toyota". Tazama namba iliyo baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha nane, i7-5600U ni cha tano, na hiyo i5 ndiyo ya kuchukua. Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mtoto atakaa na hiyo mashine miaka mitatu, kwa nini aanze na iliyokwisha?

Tafuta RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, diski iwe SSD, ile aina yenye kasi, ya GB 256. Usinunue mpya kwa bei hiyo, utapewa yenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM 4 asubiri kufunguka mpaka aote mvi. Chukua used zilizotoka maofisini huko nje: ThinkPad T480, Dell Latitude 5490, HP EliteBook 840 G5. Nyingi ni kizazi cha nane, ila bado tazama namba; kwa laki saba unapata na chenji inabaki.

Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue ule ukurasa mweusi (Command Prompt) aandike powercfg /batteryreport. Inatoka ripoti ya betri. Linganisha uwezo iliotoka nao kiwandani na uliobaki leo. Akikataa, funga pochi.

Kijana_wa_Tunduma, saa 3:22 usiku

Mnamtesa bure. Mchukulieni tablet, nyepesi, anagusa tu kwa kidole. Au simu kubwa.

Mwl_Tukuyu, saa 3:40 usiku

@Kijana_wa_Tunduma ushawahi kuandika ripoti ya kurasa 20 yenye majedwali kwa kidole kimoja kwenye kioo? Na hiyo tablet inasimamaje mezani wakati mkono wa kuishika ndio huo huo wa kuandikia?

Mama, dondoo moja nje ya laptop. Kama anaomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo wanazingatia ulemavu wa mwombaji, lakini lazima uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Shughulikia muhuri huo mapema, msije mkaanza kukimbizana dirisha linafungwa.

Shoto_wa_Iyunga, saa 4:55 usiku

Mama shikamoo. Mimi mkono wa kulia niliuacha kwenye mashine ya kukoboa nikiwa darasa la sita. Diploma na digrii nimezisoma kwa laptop, na leo nakula kwa kuandika ripoti. Fundi kasema kweli yote kuhusu injini. Mimi niseme kuhusu mlango na usukani.

Umekosea kitu kimoja: ulienda dukani bila yeye. Sisemi kwa ajili ya heshima, ingawa na hiyo ipo. Nasema kwa sababu vitu vitakavyomsumbua huyo binti havikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya duka, na wewe mwenye mikono miwili huwezi kuviona hata ukikodoa macho.

Chukua kufungua tu. Laptop nyembamba ukivuta kifuniko kwa mkono mmoja, inanyanyuka yote. Unabaki umeinua mdomo wa mamba hewani na mashine inateleza kuelekea ukingo wa meza. Wenye mikono miwili hawajui kwamba wa pili unashikilia chini, haujawahi kuagizwa, unafanya tu. Mimi ya kwanza niliinunua kwa kuambiwa "slim", nikawa naifungua kwa kidevu mwaka mzima. Kwa hiyo aiweke mezani, akae, aifungue na kuifunga mara tano. Asisaidiwe. Akishindwa, hiyo si yake hata kama ni ya bure.

Halafu chaja. Plagi zetu za pini tatu ni ngumu, na soketi nyingi za hosteli zimelegea ukutani. Unahitaji mkono wa kushikilia soketi na wa kusukuma plagi. Dawa yake ni ekstensheni: anachomekewa mara moja, inakaa mezani, yeye anahangaika na ule upande wa laptop peke yake. Upande huo uwe USB-C, haina juu wala chini, unasukuma tu inaingia.

Kibodi sasa. Enter, Backspace, mishale, vyote viko kulia. Mwenye mkono wa kushoto pekee anavuka kibodi nzima kila akikosea herufi, na utakosea sana mwanzoni. Kuna programu ya bure ya Microsoft inaitwa PowerToys. Ndani yake unahamisha kitufe. Mimi CapsLock yangu ni Backspace tangu niigundue, kidole kidogo kipo pale pale. Sijui ningeishije.

Vitufe vya kubonyeza pamoja, kama Ctrl na Alt na Delete, vina dawa: Sticky Keys. Unagonga Shift mara tano mfululizo, kompyuta inakuuliza, unakubali. Baada ya hapo unagonga Ctrl, unaachia, unagonga C, inanakili. Ila ingia Settings, Accessibility, Keyboard, utafute mahali panaposema izimike vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, paondoe. Wasiojua hapo wanadhani kitu kimeharibika, kumbe kila wakigusa viwili kwa bahati mbaya kinajizima.

Kwa hizo alizotaja fundi, mimi ningemwelekeza kwenye ThinkPad. Kile kidude chekundu katikati ya G, H na B watu wanakidharau. Kidole cha shahada kinasukuma kidude, gumba liko kwenye vitufe chini yake, mshale unakwenda na kubofya bila kiganja kuhama. Lakini kama vidole vyake vinatetemeka kitamkera. Ndiyo maana narudia: aende mwenyewe.

Na begi ni la mgongoni, lenye mkanda wa kufunga kifuani. La begani linateremka, litampiga kwenye gongo aanguke.

Mama_wa_Isyesye, Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Marahaba wanangu. Nimemsomea lile la mdomo wa mamba amecheka mpaka kamwaga chai. Kidole hakitetemeki cha kushoto. Jumamosi tunaenda wote.

Boda_Soweto, saa 1:30 asubuhi

Kwani siku hizi si unaongea tu kompyuta inaandika yenyewe? Mnazunguka sana.

Fundi_Kabwe, saa 2:10 asubuhi

@Boda_Soweto ipo. Google Docs inaandika Kiswahili kwa sauti, Gboard ya kwenye simu pia. Inakula bando, na chumba cha hosteli kina watu wanne. Binti anaongeaje mama?

Mama_wa_Isyesye, saa 2:25 asubuhi

Anaeleweka, ila maneno yanakokota kidogo. Tumejaribu kwenye simu ya kaka yake sasa hivi. Kasema "sosholojia ya elimu", simu imeandika "shosho lo jiya elimu". Tuendelee na mkono.

Dada_Viungo, saa 6:20 mchana

Naunga mkono Shoto. Nafanya fiziotherapia, nipo Iringa, nina mawili ya kuongeza.

La kwanza baridi. Misuli iliyokaza kwa mtindio wa ubongo hukaza zaidi mwili ukipoa, na nyie mnaijua Mbeya ya Juni na Julai, Iringa nayo haijambo. Laptop ya bodi ya chuma, kama hiyo EliteBook, saa 12 asubuhi ni barafu chini ya kiganja. Akiigusa dukani saa 7 mchana hataliona hilo. Ya plastiki ina afadhali. Na aanze siku kwa kuupasha mkono, kikombe cha chai kinatosha.

La pili ni mkao. Huo mkono wa kulia usiachwe ukaning'inia pembeni. Ulazwe mezani, hata kama hauandiki. Ukining'inia unavuta bega, mgongo unapinda, jioni anaumwa shingo na watu wanasema ni malaria. Miguu ifike chini. Isipofika, tofali moja lililofungwa kanga linamaliza kazi.

Kijana_wa_Tunduma, saa 7:00 mchana

Sawa wakuu nimeelimika, nimefuta tablet yangu. Lakini kwa nini asichukue ile mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya walemavu? Anunue mpya kabisa.

Mwl_Tukuyu, saa 7:35 mchana

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, ni mikopo ya kufanyia biashara na inarejeshwa. Haina riba lakini si zawadi. Akichukua akanunulia laptop ya kusomea atarejesha na nini, na insha?

Mama_wa_Isyesye, Jumamosi, saa 1:50 usiku

MREJESHO

Tumerudi. Nimechoka kama nimepakia Fuso peke yangu, ila nina furaha.

Duka la kwanza muuzaji alikuwa ananiuliza mimi: "Mama, anaweza kubonyeza?" Binti akamwambia, "Kaka, mimi nipo hapa." Yule kijana akababaika, akamvutia kiti. Baada ya hapo akawa mtu mzuri kabisa.

Tukaanza na lile la fedha. Binti kavuta kifuniko, mashine yote ikapanda, ikateleza, yule kijana akaruka kama golikipa. Tukaliacha. EliteBook ikafunguka kwa shida, binti kaweka kiganja akasema "mama, hii bati la asubuhi." Kumbe hata mchana inasikika.

Ikaja T480. Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Kakaa, akaingiza kucha ya gumba, akapata upenyo mdogo. Halafu akaleta ule mkono wa kulia, ambao mimi miaka kumi na tisa nimeuhesabu kuwa haumo, akaipachika ngumi kwenye ule upenyo kama kabari. Ngumi ikakandamiza chini, kushoto kukainua kifuniko. Tap! Imefunguka. Akafunga, akafungua tena, mara tano kama alivyoagizwa. Nikamuuliza umejifunza wapi, akasema ndivyo anavyofungua ndoo ya unga nikiwa sokoni.

Kile chekundu kilimsumbua dakika kama kumi, mshale ukawa unakimbilia pembeni. Kaka muuzaji akapunguza mwendo kwenye mipangilio, basi akatulia nacho.

Betri, Fundi Mungu akubariki. Kijana hakupenda tufungue ripoti, akasema "mama hizi zote zipo vizuri". Nikafunga pochi kama nilivyoambiwa, akafungua. Ina betri mbili. Ya ndani ilitoka na Wh 24 (ndicho kipimo cha uwezo wa betri), imebaki 20. Ya nyuma ilitoka na 24, imebaki 9! Alitaka laki sita na tisini, tukaondoka nayo kwa laki sita na ishirini. Ekstensheni na begi la mgongoni tumenunua kwa chenji, mkanda wa kifuani kashona fundi cherehani wa hapa mtaani.

Shoto_wa_Iyunga, saa 2:15 usiku

Ngumi kama kabari! Mimi mwaka mzima kwa kidevu! Mpe hongera zake.

Kateni vipande vya tyubu ya baiskeli, gundisheni chini pembe nne. Haitateleza kamwe.

mzee_wa_kijiwe, saa 2:30 usiku

Uzi mtamu huu. Mods wauweke juu.

Mama_wa_Isyesye, miezi mitatu baadaye, Alhamisi, saa 3:05 usiku

Hamjambo. Leo mimi ndiye binti wa mleta uzi, mama kanipa neno la siri. Nipo Iringa. Naandika hii kwa mashine yenyewe, mkono wa kulia umelala mezani, tofali lipo.

Kwanza nimsahihishe mama: viazi huwa simalizi beseni, namalizia kwa kumwita mdogo wangu.

CapsLock ya Shoto imeniokoa na imeniponza. Kwangu naruka nayo vizuri sana, lakini nikikaa kwenye kompyuta za maktaba kidole kinaenda kule kule kufuta, NAJIKUTA NAANDIKA HIVI ukurasa mzima bila kujua, jirani anadhani nagombana na mtu. Sticky Keys nayo ilikuwa inalia kila nikigusa Shift, darasa zima linageuka. Kumbe mlio unazimwa pale pale kwenye Keyboard, nimezima wiki ya pili. Na kuna kitu hamkunitajia: Windows inaweza kukupendekezea neno unapoandika kwa kibodi, kwa Kiingereza, ipo kwenye Typing. Kazi zote za huku ni za Kiingereza, nikianza "educ" naletewa neno zima. Kwa mkono mmoja hiyo ni nusu ya safari.

Plagi ilikuwa kama Shoto alivyosema, mwenzangu wa chumbani alichomeka ekstensheni siku ya kwanza na haijaguswa tena. Tyubu imeshika. Mvua zimeanza, laptop naivika mfuko wa nailoni ndani ya begi kwa sababu siwezi kushika gongo na mwavuli.

Shida niliyo nayo ni betri. Ile ya nyuma yenye 9 imebaki jina, jumla napata saa mbili na kidogo. Ukumbi tunaosomea soketi ziko juu kabisa, ngazi ishirini na tatu, nimezihesabu. Nikipanda nachelewa kushuka, nikikaa chini inazima kipindi cha pili. Fundi, nimesikia kuna betri kubwa ya nyuma ya 72. Inaingia kwenye hii yangu? Mama anauza magunia mawili wiki ijayo, kabla hajazitumia hizo hela nataka kujua.

Fundi_Kabwe, saa 3:48 usiku

Karibu sana mdogo wangu. Inaingia, T480 inakubali ile ndogo ya 24 na hizo kubwa mbili, 48 na 72. Na kwa kuwa ya ndani yako bado ina 20, hiyo 72 ikiwa nzima utamaliza siku bila kutafuta soketi.

Ila sikiliza kabla mama hajatoa hela. Hiyo kubwa inatokeza chini, kwa hiyo kibodi itainuka nyuma. Wengine wanapenda, wengine kifundo kinauma. Tyubu zako za nyuma zitabaki hewani, itabidi tuzihamishie kwenye betri. Kuibadilisha kuna lachi chini za kusukuma na kushikilia huku unavuta betri, hiyo kazi inataka mikono miwili, lakini ukishafungiwa huna haja ya kuigusa. Kinachonipa wasiwasi ni uzito. Inazidi hiyo ndogo, na wewe unabeba mgongoni huku umeegemea gongo.

Ninayo moja hapa, nimeipima, ni nzima. Ukija likizo pita Kabwe na begi lako likiwa limejaa daftari kama unavyolibeba siku zote. Nitaifunga bure, uzunguke nalo hapa kibandani robo saa. Likikuvuta nyuma, nitakutafutia ya 48.